Nilirekodi mazungumzo ya watu kwa malipo. Je, nina dhambi?

SWALI: Asalaam aleikum shekhe. Kazi yangu ni kutega vinasa sauti. Mume mmoja alinilipa nimrekodi mkewe. Aliposikia nilichonasa, akampiga na kumtaliki. Tangu nitazame filamu ya The Conversation usingizi umeniruka. Wenzangu wanasema mimi ni fundi tu, dhambi ni ya aliyezitumia rekodi. Ni kweli?

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Si kweli, na hao wenzako hawakutakii heri.

Katika filamu hiyo ya Francis Ford Coppola ya mwaka 1974, Harry Caul, mtega vinasa sauti kama wewe, naye hajali watu wanasema nini, mradi apate sauti safi. Kazi yake ya nyuma ilisababisha watu watatu kuuawa. Anapiga magoti kuungama kwa padri, na papo hapo anasema yeye hahusiki. Toba gani hiyo?

Mtume (s.a.w.) amesema, kama alivyopokea Bukhari kwa Ibn Abbas, kwamba anayesikiliza maneno ya watu nao hawataki atamiminiwa risasi iliyoyeyushwa masikioni Siku ya Kiyama. Hakushurutisha kwamba ayapeleke kwa mtu. Kusikiliza kwenyewe kunatosha! Na kama fundi hana dhambi, mbona Mtume alimlaani mwandishi wa riba na mashahidi wake wawili, akasema wote ni sawa? Mwandishi yule hakula riba. Alishika kalamu tu.

Tena rekodi huongopa. Harry aliisafisha sentensi moja mpaka ikasikika neno kwa neno, na bado akaielewa kinyume, akamdhania muuaji kuwa ndiye atakayeuawa. Sura ya Al-Hujurat, aya ya 12, inakataza dhana kwanza, kisha upelelezi. Anayetega kinasa ameshahukumu moyoni.

Kukosa kwako usingizi ni dalili njema, usiizime kwa maneno ya wenzako. Acha kazi hiyo leo. Malipo yaliyobaki wape masikini. Ila usikimbilie kufuta rekodi ya mama yule. Kama unajua mume aliyaelewa vibaya maneno ya mkewe, mwendee mume huyo, umweleze mbele ya walii (msimamizi wa ndoa) wa mwanamke. Utaaibika, najua, lakini heshima yake uliyoisaidia kuvunjwa ina haki kuliko aibu yako. Kisha umwombe radhi yeye mwenyewe kupitia jamaa zake, bila kumlazimisha akusamehe. Hayo yakiisha, ifute, na asiisikie mtu mwingine.