Maswali yenu: bwawa la Norris, WPA na waliohamishwa

Maswali yamerundikana, leo nachukua ya Norris, kamji ka jimbo la Tennessee, Marekani, yapata kilomita 30 kaskazini ya Knoxville, kaliojengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa bwawa la Norris.

Naishi Knoxville, wikendi tulipeleka watoto kuona Norris Dam. Ile ni kazi ya WPA, si ndiyo?

Siyo. Ni TVA, shirika la serikali kuu la kuendeleza bonde la mto Tennessee, lililoundwa Mei 1933. Ujenzi ulianza Oktoba mwaka huohuo na WPA, mpango wa serikali wa kuajiri wasio na kazi, imezaliwa 1935. Jamani swali hili nimeshalijibu mara ngapi, angalieni miaka kwanza kabla ya kuandika.

WPA na PWA si kitu kimoja?

Hapana tena. PWA, idara ya serikali ya ujenzi wa umma chini ya Harold Ickes, ilitoa hela, mkandarasi anashinda tenda, anaajiri anavyoona. WPA ya Harry Hopkins ilikuajiri wewe mwenyewe uliyekosa kazi, ukachimba mtaro, ukamwaga zege, ndiyo maana kwenye miji midogo unakuta njia ya miguu imegongwa mhuri WPA na mwaka wake. Na ile michoro ya ukutani posta nyingi ni mradi wa Wizara ya Fedha, msiwape WPA kila kitu.

Vijana wa CCC walilipwa ngapi?

CCC ni mpango wa serikali uliowaweka kambini vijana wasio na kazi, wapande miti na kutunza misitu. Dola 30 kwa mwezi, na karibu 25 zinaenda nyumbani kwao.

Nasikia kwenye bwawa shifti ilikuwa masaa matano na nusu. Si uvivu huo?

Uvivu umetoka wapi? Mwaka 1933 karibu mtu mmoja kati ya wanne Marekani hana kazi, kwa hiyo walifupisha shifti makusudi ili watu wengi zaidi wapate, asiye na ufundi akianzia senti 45 kwa saa, na muda uliobaki wengine walikuwa wanasoma ufundi. Mtu aliyebeba zege kwenye ukuta wa mita 80 usimuite mvivu mbele yangu.

Waliohamishwa walilipwa?

Bwawa lilitengeneza ziwa lililofunika mashamba, ndiyo maana watu walihamishwa. Mwenye shamba alilipwa, atake asitake. Aliyekuwa analima shamba la kukodi hakuwa na ardhi ya kulipwa, akafungasha sufuria na watoto akaondoka. Hapa ndipo naomba mtulie msome, maana mnatuma picha za ziwa tu. Familia karibu 2,900 ziliondoka. Makaburi zaidi ya 5,000 yalihamishwa, yaani ndugu wanaulizwa mzazi wao akazikwe wapi upya. Kijiji cha Loyston kiko chini ya maji mpaka leo, sehemu ile pana ya ziwa wanaiita Loyston Sea na watu wanapita juu yake na boti. Mkipeleka watoto waambieni na hilo.

Nyumba za Norris zilikuwa nzuri kweli?

Nzuri sana, baraza mbele, hita za umeme wakati mashamba ya jirani yanawasha taa za mafuta ya taa, na barabara zinafuata vilima. Ila familia za Weusi hazikuruhusiwa kuishi pale, hata kama baba anafanya kazi kwenye bwawa hilohilo. NAACP, chama cha kutetea haki za Weusi, ilipeleka watu kuchunguza, Charles Houston na John P. Davis, 1934. Kodi ya watu wote ndiyo ilijenga zile nyumba na mimi nalihesabu ni dhuluma, anayeusifia ule mji bila kulitaja anadanganya.

Serikali bado inaumiliki mji?

Hapana, uliuzwa kwa mnada 1948.