Maswali ya Wasomaji: Apraiti za Kuchomelea

Mwezi huu barua nyingi zinahusu apraiti, kile kipande cha wima penye gurudumu kinachobeba habu (kitovu cha gurudumu), beringi na kalipa (kifaa kinachobana pedi za breki kwenye diski), huku kikishikwa na bolijointi, yaani viungo vya mpira wa chuma, juu na chini.

Swali: Nimetengeneza apraiti za mbele za gari la mbio kwa bati la milimita 2. Nyumba ya beringi niliikereza hadi kipimo kamili cha milimita 72, ndipo nikachomelea. Beringi ikagoma kuingia. Nilipitisha msasa hadi ikakubali, lakini sasa inanguruma na gurudumu lina mchezo. Nimekosea wapi?

Jibu: Ulikereza mapema mno. Mshono wa weldingi hujivuta unapopoa, na huivuta nyumba ya beringi pamoja nao. Kwa kuwa bati limeshikana na nyumba hiyo zaidi juu na chini kuliko pembeni, tundu halipungui tu, linakuwa kama yai. Msasa haujui yai, unakula kotekote. Beringi imebanwa pande mbili na inaelea pande nyingine mbili. Ringi yake ya nje imefuata umbo la tundu, na mipira inabanwa kila inapopita pale pembamba. Ndiyo ngurumo unayoisikia.

Safari ijayo fuata mpangilio huu. Kata nyumba ya beringi kutoka bomba nene na uache nyama ya milimita 1.5 ndani, pande zote, yaani milimita 3 kwenye kipenyo. Funga vipande vyote kwenye jigi, yaani fremu ya kuvishikilia visisogee, la chuma kinene. Shikiza kwa nukta za weldingi kila milimita 25 au 30, kisha chomelea vipande vifupi vya urefu huohuo ukihama: kimoja mbele, kinachofuata nyuma, kingine upande wa pili wa nyumba. Fundi anayezunguka duara lote kwa pumzi moja anapata mshono mzuri wa kutazama na apraiti iliyopinda.

Weldingi ikiisha, peleka kazi kwenye tanuri la nyuzi 600 hadi 650 za Selsiasi kwa saa moja, halafu iache ipoe taratibu. Usiiruke hatua hii kwa sababu tundu linaonekana zuri. Mkazo uliofungiwa ndani ya chuma hutoka pale unapokata, na tundu ulilolikereza likiwa duara asubuhi linaweza kuwa si duara ukilifungua kutoka kwenye mashine. Baada ya tanuri ndipo ukereze tundu la beringi, na bila kuifungua kazi, sawazisha pia uso wa masikio ya kalipa, yaani vipande ambavyo kalipa hufungwa. Vikikatwa kwa mfungo mmoja, diski na kalipa vitakaa sambamba.

Kwa beringi ya milimita 72, tundu liwe dogo kuliko beringi kwa milimita 0.02 hadi 0.05, isipokuwa mtengenezaji wa beringi ametaja kingine. Pima kwa geji ya ndani katika vina vitatu na pande nne kila kina. Pasha nyumba nyuzi 100 hivi, na usukume ringi ya nje tu. Ukisukuma ya ndani, umeshaziumiza njia za mipira kabla gari halijasogea.

Hizo ulizonazo zinaweza kuokolewa kama ukuta wa nyumba ni mnene wa kutosha kupanuliwa na kuwekewa bushi (ringi ya ndani) ya chuma ya kubana. Kama ni mwembamba, zitupe.

Swali: Je, nikitumia kromoli (chuma chenye kromiamu na molibdenamu) badala ya chuma laini, apraiti itakakamaa zaidi?

Jibu: Hapana. Vyuma vyote hivyo vina ukakamavu uleule, takriban gigapaskali 205. Kromoli inakupa nguvu, yaani inachelewa kupinda moja kwa moja, ila kabla ya hapo inanepa sawa na chuma cha geti.

Ukakamavu unaupata kwenye umbo. Apraiti ya bati ni sanduku, basi chukua sanduku la mraba la milimita 60 lenye ukuta wa milimita 2. Likiwa limefungwa pande zote, linapinga msokoto zaidi ya mara 600 kuliko sanduku hilohilo likiwa na mpasuko mmoja tu wa urefu wake. Kwa hiyo tundu kubwa la kupunguza uzito kwenye ukuta wa nyuma linaweza kukugharimu kuliko gramu ulizookoa. Kama lazima litobolewe, lizungushie bomba linalopenya kuta zote mbili, na ulichomelee pande zote.

Ukishika kromoli, tumia TIG (weldingi ya elektrodi ya tungsten na gesi ya kukinga) na waya wa kujazia ER70S-2. Bati chini ya milimita 3 halihitaji kupashwa kabla, mradi si la baridi. Nene kuliko hapo lipashe nyuzi 150 hadi 200. Maji ni marufuku, hata kwa haraka ya kugusa kazi. Kromoli ikipozwa ghafla huwa ngumu na kukatika kama kioo kando ya mshono.

Swali: Sikio la kalipa limepata ufa chini, penye mshono. Nilitumia sahani ya milimita 6. Ni nyembamba?

Jibu: Unene hauna hatia. Hesabu kidogo: tairi lenye nusu kipenyo cha sentimita 30 likivuta breki kwa nyutoni 4,000, na pedi zikishika diski sentimita 12 kutoka katikati, kalipa inasukuma masikio yake kwa nyutoni 10,000. Sahani ya milimita 6 inavumilia. Kisichovumilia ni bati la milimita 2 ulikoigandisha: linanepa kila ukikanyaga breki, na ufa unaanzia kwenye ukingo wa mshono.

Pitisha sikio ndani ya sanduku, litokee ukuta wa pili, na chomelea kuta zote mbili. Usimalizie mshono kwenye kona. Zunguka kona kisha ushushe moto taratibu, maana kijishimo cha mwisho ndicho mama wa nyufa. Paka rangi nyepesi yenye mwanga. Ufa ukianza, mstari mwembamba wa kutu utajitokeza juu yake. Rangi nene ya poda inauficha.

Swali: Kila nikifunga mshono wa mwisho wa sanduku, weldingi inatema na kuacha tundu.

Jibu: Hewa ya ndani inapata moto, inapanuka na kutafuta pa kutokea. Toboa tundu la milimita 3 mahali pasipo na mkazo mkubwa kabla ya kufunga. Kazi ikishapoa, nyunyiza mafuta ya kuzuia kutu ndani na uzibe kwa riveti.