Kutu Haingoji Paa Livuje

Jumatatu moja ya mwezi wa nne, masika yamekolea, nilifungua karakana yangu hapa Tanga nikakuta ubao wa mvule niliouacha tangu Ijumaa juu ya meza ya mashine ya randa. Nilipouinua, chini yake palikuwa na picha ya ubao wenyewe. Urefu wake, upana wake, hata tundu la kifundo kilichobanduka pembeni, vyote vimechorwa kwa kutu nyekundu juu ya chuma ambacho Ijumaa kilikuwa kinang'aa. Paa halikuvuja hata tone. Maji yalitoka ndani ya ubao. Ulikuwa mbichi, na nilijua kuwa ni mbichi.

Mafundi wengi tunadhani adui ni mvua. Tunaziba paa, tunafunga madirisha, tunakwenda kulala tukiwa na amani. Lakini huku pwani hewa peke yake inatosha. Itazame chumvi ya jikoni wakati wa masika: hakuna aliyeimwagia maji, ila ukifunua kopo unaikuta imetota. Hewa ikifika unyevu wa karibu asilimia 75, chumvi huvuta maji hewani mpaka inayeyuka yenyewe, na usiku wa Tanga unavuka hapo mara nyingi. Chumvi hiyohiyo ndiyo inayoletwa na upepo wa bahari na kutua juu ya msumeno wako. Ukishafunga mlango inajitafutia maji, na maji ya chumvi hula chuma upesi kuliko maji matupu.

Ndiyo maana mafuta peke yake hayakunisaidia. Kwa miaka mingi nilichukua tambara la mafuta, nikalipitisha juu ya vumbi na chumvi, nikaona chuma kinameta, nikaondoka nimeridhika. Kutu ikawa inaota chini ya mafuta. Siku hizi natenga dakika kumi kabla ya kufunga. Kwanza brashi, kuondoa maranda na vumbi la mbao, maana vumbi lile hunyonya unyevu likaushikilia hapohapo kwenye chuma. Halafu kitambaa chenye maji ya bomba kilichokamuliwa sana, kutoa chumvi. Kama maji ya kisima chenu yana chumvi, usiyatumie. Halafu kitambaa kikavu, na papo hapo mafuta. Ukichelewesha mafuta mpaka kesho, umesumbuka bure.

Jasho nalo ni chumvi. Kijana ninayemfundisha kazi ana mikono inayotoka jasho sana. Asubuhi moja niliikuta patasi ya inchi moja ina alama ya dole gumba kwenye bapa, rangi ya chungwa, mistari ya ngozi inahesabika. Nilimwita nikamwonyesha. Hakuwa na kosa, hakuna aliyewahi kumwambia. "Mwanangu, ukimaliza kunoa, futa, kisha shika mpini tu." Akasema, "Sawa, fundi." Tangu siku hiyo yeye ndiye wa kwanza kutafuta kitambaa jioni.

Kuhusu mafuta nina msimamo. Oili chafu ya gereji usiilete kwenye kazi ya mbao. Ina masizi na asidi, inachafua ubao, vanishi haishiki mahali ilipogusa, na ngozi yako pia inaumia. Mafuta ya alizeti nayo yanakauka na kunata kama gundi, vumbi linaganda. Mimi natumia mafuta ya cherehani: mepesi, safi, kichupa kidogo kinafika mbali. WD-40, ile dawa ya kopo ya kupuliza, ni nzuri kwa kufukuza maji, na hata jina lake linatokana na kazi hiyo, lakini utando wake ni mwembamba. Ikishafukuza maji, paka mafuta mengine juu.

Meza ya mashine siipaki mafuta, kwa sababu yatahamia kwenye mbao. Naipaka nta ya nyuki. Nakwangua nta ndani ya kopo, naliweka kopo kwenye maji ya moto niliyokwisha kuyaepua, kisha naongeza tapentaini kidogo kidogo mpaka ifanane na samli. Usithubutu kuweka tapentaini karibu na moto. Paka nyembamba, acha ikauke, sugua kwa kitambaa. Ubao utateleza vizuri kuliko zamani.

Kosa jingine nililofanya ni kufunika mashine kwa turubai la nailoni. Asubuhi nililikuta limetoka jasho upande wa ndani. Chuma kizito kikipoa usiku, hewa ya asubuhi yenye unyevu ikikigusa hutoa jasho kama chupa ya soda ya baridi. Sasa nafunika kwa shuka kuukuu la pamba, na nalitandua saa tatu, jua likishapanda. Tupa zangu, vile vyuma vya kunolea, nazisugua chaki, sizipaki mafuta.

Kutu ikishashika, vifaa vidogo navivua mipini na kuviloweka kwenye siki usiku mmoja, nje, chombo wazi. Asidi ikila chuma hutoa gesi inayoshika moto, kwa hiyo chombo kikae mbali na jiko na cheche za kusaga. Asubuhi nasugua, nasuuza kwa maji yenye kijiko cha magadi ili kuua asidi, nakausha juani, napaka mafuta chuma kikiwa bado na joto. Usivisahau humo siku tatu. Siki inakula na chuma kizima. Na vishimo vilivyokwisha kuchimbwa havirudi. Kishimo kikiwa kwenye makali ya kisu cha randa, kila ubao utakaoupiga utakuwa na mstari, mpaka ukisage kisu kupita hapo.

Meza yangu niliisugua siku mbili, kwa msasa namba 400 uliofungwa kwenye kipande cha mbao kilichonyooka, pamoja na mafuta ya taa. Wekundu umetoka. Kivuli cheusi cha ule ubao kipo mpaka leo, na taa ikiwa upande unaliona hata tundu la kifundo. Mbao mbichi sasa naziegemeza ukutani, juu ya vijiti, mbali na chuma chochote.