Gofu ya jangwani kwa mchezaji aliyejifunzia Tanga

Ndugu uliyeuliza, salamu kutoka Tanga. Umesema kwamba gofu umejifunzia hapa hapa kwetu, kwamba mwezi wa Januari unakwenda Dubai kikazi, kwamba mwenyeji wako amekwisha kukupangia raundi ya mashimo 18 kwenye kiwanja kilichozungukwa na jangwa, nawe unataka kujua kama mchezo wako wa huku utafaa kule. Mimi nilianza kama kedi, mbeba fimbo za wachezaji, hapa Tanga nikiwa kijana, kisha nikafanya kazi ya bohari Dubai kwa miaka sita, na siku za mapumziko nilicheza jangwani mara nyingi kiasi cha kuweza kukujibu. Mchezo wako utafaa. Kitakachokusumbua ni kwamba mchanga wa kule hauna hukumu moja, na usipojua umesimama kwenye mchanga upi, utatozwa mikwaju kwa kosa ambalo hata hukuliona.

Nilitozwa mimi mwenyewe, katika raundi yangu ya kwanza. Nilikuwa nimezunguka mashimo matano bila aibu kubwa, na kwenye la sita mpira ukatoka kwenye nyasi ukatua mchangani, si mbali na grini, ile sehemu laini yenye shimo na bendera. Nikausogelea, nikafanya kama nilivyokuwa nimefanya kwenye mashimo mawili ya nyuma: nikapima mkwaju kwa kupunga fimbo mara mbili, na mara zote mbili kichwa cha fimbo kikakwangua mchanga. Aliyekuwa akinijazia kadi ya alama ni mzee mmoja wa Mombasa, mkazi wa kule kwa miaka mingi, mtu mpole sana.

“Mwanangu, umegusa mchanga,” akasema.

“Nimegusa, mzee. Si jangwa hili?”

“Jangwa liko kule nyuma yako. Hapo uliposimama ni bunka. Ongeza mbili.”

Nikatazama vizuri, na kweli, nilikuwa ndani ya bunka, shimo la mchanga lililotengenezwa makusudi liwe kikwazo: hatua chache kutoka miguuni pangu palikuwa na reki imelazwa, na ukingo wa nyasi ulikuwa umekatwa kwa ustadi kulizunguka. Mchanga wenyewe ulikuwa wa rangi ile ile, ukitiririka mpaka unakutana na jangwa kwa nyuma, na jicho la mtu wa pwani halikuweza kutenganisha.

Kwa kanuni zinazotumika tangu mwaka 2019, mambo yamekaa hivi. Ndani ya bunka huruhusiwi kugusa mchanga kwa fimbo unapopima mkwaju, wala kuiweka fimbo chini mbele au nyuma ya mpira, wala kuupapasa mchanga kwa makusudi ili ujue ni laini au mgumu. Ukifanya hivyo katika mchezo wa kuhesabu mikwaju, unaongezewa miwili. Lakini ule mchanga wa jangwani ulio nje ya nyasi kwa kawaida huhesabiwa kuwa sehemu ya kawaida ya kiwanja, sawa na majani marefu ya kwetu, kwa hiyo huko unaweza kupima mkwaju ukagusa chini, na unaweza kuiegesha fimbo kidogo nyuma ya mpira. Usichoweza ni kufukua au kukandamiza mchanga ulio nyuma ya mpira ili ujitengenezee nafasi, kwa sababu hilo ni kosa hata nje ya bunka. Kabla ya kupiga mpira wa kwanza, geuza kadi ya alama usome kanuni za kiwanja chenyewe, maana viwanja vingine hulitangaza jangwa lao kuwa eneo la adhabu, na hapo hesabu hubadilika. Mimi sikuigeuza kadi. Kedi mzima!

Mkwaju wenyewe nao hutofautiana. Bunkani mchanga hutunzwa, ni mlaini na una kina, kwa hiyo ule mkwaju tuliofundishwa unafanya kazi: unafungua uso wa fimbo ya mchanga, unapiga mchanga kiasi cha vidole viwili nyuma ya mpira, na mchanga ndio unaoubeba mpira nje. Jangwani, mahali ambapo upepo umepeperusha mchanga wa juu na kuacha ardhi ngumu, mkwaju huo huo ni balaa, kwa sababu kitako kinene cha fimbo ya mchanga hugonga chini na kuruka, na ukingo wake huukata mpira tumboni ukaenda mbio kama risasi kuvuka grini nzima. Kwenye ardhi ya namna hiyo chukua fimbo namba 9, uweke mpira karibu na mguu wa nyuma, ugonge mpira kwanza. Ukikuta mpira umezama ndani ya unyayo wa mtu au wa ngamia, usijifanye shujaa. Kubali mkwaju mmoja wa adhabu, tangaza kwamba mpira hauchezeki, kisha uangushe mahali unaporuhusiwa. (Nimezaliwa Ngamiani, mtaa wa hapa Tanga, lakini ngamia wa kwanza kumwona kwa macho yangu nilimwona huko, akivuka njia ya magari ya gofu.)

Mawe na matawi makavu unaruhusiwa kuyaondoa, siku hizi hata bunkani, mradi mpira usisogee. Mfano mashuhuri ulitokea Arizona, Marekani, ambako gofu ya jangwani ni ya miiba na mawe. Mwaka 1999, katika mashindano ya Phoenix Open, mpira wa Tiger Woods ulikwama nyuma ya jiwe kubwa lenye uzito wa karibu nusu tani. Mwamuzi aliamua kwamba jiwe lile halikuwa limezama ardhini, hivyo ni kitu cha kuondolewa, na watazamaji kadhaa wakalisukuma kando. Wewe usitegemee watazamaji. Ukikuta tundu la mnyama au nyoka karibu na mpira, kanuni inakupa nafuu, yaani unauangusha mpira mahali pengine bila adhabu, basi omba nafuu hiyo wala usione haya.

Huenda mwenyeji wako akakupeleka siku nyingine kwenye kiwanja cha mchanga mtupu. Ndiyo gofu iliyochezwa Dubai kabla ya Emirates Golf Club kufungua kiwanja chake cha nyasi cha Majlis mwaka 1988. Huko unatembea na kipande kidogo cha zulia la nyasi bandia. Mpira ukiwa ndani ya vigingi vinavyoonyesha njia, unauweka juu ya zulia na kupiga, na ukiwa nje ya vigingi unapiga ulipo. Grini zake si za kijani, ni mchanga uliochanganywa na mafuta na kushindiliwa, na mkishamaliza shimo mnaburuta ufagio kufuta nyayo zenu kwa ajili ya wanaofuata. Mpira hubiringika vizuri kuliko utakavyodhani. Mimi nilipenda sana, ingawa wenzangu walinicheka.

Kuhusu umbali, watu watakuambia kwamba jangwani mpira huruka zaidi. Hiyo ni kweli mchana, kwa kuwa hewa ya joto ni nyepesi. Lakini Januari utapangiwa alfajiri, na alfajiri ya Januari kule si ya Tanga. Utahitaji sweta, hewa itakuwa nzito, na mimi nilikuwa nikipungukiwa umbali wa karibu fimbo nzima mpaka jua lipande. Mahali ninapopigia namba 8 hapa kwetu, kule nilichukua namba 7, inayopeleka mpira mbali zaidi, kwa mashimo manne au matano ya mwanzo. Tena hakuna miembe wala minazi ya kulinganishia, kwa hiyo bendera huonekana karibu kuliko ilivyo. Amini kibao cha umbali, usiamini jicho lako.

Maji beba kuanzia shimo la kwanza hata kama kuna baridi. Hapa jasho hukulowesha shati ukajua kwamba umechoka. Mbali na pwani ya kule hukauka kabla hujaliona, na unajikuta shimo la kumi na tatu kichwa kinauma bila kujua sababu.

Uliuliza pia kama ubebe fimbo zako kwenye ndege. Zikodi huko huko, kwa sababu mawe madogo ya jangwani yatakukwaruzia nyuso za fimbo, na ni afadhali yakwaruze za kukodi. Viatu chukua vyako, na soksi jozi mbili, kwa maana ya kwanza itajaa mchanga kabla hujafika nusu ya raundi. Mipira chukua ya rangi ya chungwa, dazeni moja. Mimi nilikwenda na sita nyeupe, na mmoja tu ndio uliorudi.