Jibu: Je, afisa uhusiano kijana bado ana nafasi?

Ndugu yangu, umeuliza iwapo kijana anayehitimu sasa masomo ya uhusiano wa umma ataajiriwa, au akili mnemba itampokonya tonge mdomoni. Vijana ninaofanya nao kazi Dar es Salaam hawana kauli moja. Wengi wanakiri kwamba taarifa kwa vyombo vya habari, ambayo ndiyo kazi ya kwanza anayopewa mgeni ofisini, tangu ChatGPT, programu ya akili mnemba inayoandika maandishi, ilipotoka Novemba 2022 huandaliwa rasimu kwa dakika chache. Wanachohofia ni kuondolewa kwa ngazi ya kujifunzia, na hofu hiyo naiona ya haki.

Hata hivyo, Juni 2024 nchini Kenya, Muswada wa Fedha ulipingwa kwenye TikTok na X kwa kasi ambayo taarifa yenye mhuri na saini tatu isingeifikia, hata Rais William Ruto akakataa kuutia saini. Katika hali kama hiyo anahitajika mtu anayetambua mapema hasira ya wananchi na kuthubutu kumwambia mkurugenzi kwamba ukimya utawagharimu. Nakushauri usome pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022, kwa sababu namba za wateja utakazokabidhiwa si mali ya ofisi.