Usiku wa Kipupwe Ndani ya Bembea: Kilichonilaza Kikavu Baada ya Miaka Mitatu

Wiki iliyopita niliamka saa kumi na moja alfajiri ndani ya bembea yangu, kitambaa cha kulalia kilichofungwa kati ya miti miwili, katika shamba moja la Makangale, kisiwani Pemba, si mbali na msitu wa Ngezi. Mvua ya mchoo, ile ya kipupwe, ilikuwa imenyesha mara mbili usiku ule. Nilipapasa mgongo, kisha shuka, kisha soksi, nikakuta vyote ni vikavu. Huo ulikuwa usiku wa tatu mfululizo. Sitaficha furaha yangu, kwani miaka mitatu iliyopita, katika shamba hilohilo, niliaibika kiasi kwamba shemeji yangu hadi leo akiniona na begi mgongoni huniuliza kama nimechukua na ufunguo wa nyumba yake.

Nimeamua kuandika pia kwa sababu ya ujumbe wa kijana wa Wete, ambaye anasema ametandika mablanketi mawili ndani ya bembea na bado mgongo wake unaganda usiku, na anauliza kama aongeze la tatu. Asiongeze. Ila ili nieleze kwa nini, itabidi kwanza nikiri yangu.

Wazee wetu kitu hiki wangekiita machela, na ndiyo maana marehemu bibi yangu alipoiona bembea yangu kwa mara ya kwanza aliuliza nani mgonjwa. Kwake yeye, mtu mzima aliyelala kwenye kitambaa kilichoning'inizwa alikuwa akipelekwa kwa daktari au akirudishwa. Mimi huiita bembea ya kulalia, na sina shaka kwamba wewe unayesoma hapa umekwisha kuitamani, kwa kuwa hakuna usingizi unaoushinda ule wa kati ya miti miwili huku msitu unanong'ona na popo wakubwa wa Pemba wanagombania matunda juu yako.

Sasa usiku ule wa aibu. Ilikuwa mwezi wa Julai. Upepo wa kusi ulikuwa umeshika, na usiku joto lilikuwa nyuzi 20 na kitu, kiwango ambacho mtu wa nchi za theluji angekicheka. Mimi pia nilikicheka. Nilifunga bembea kwa kamba ya nailoni, nikalitandaza turubai juu sana ili nione nyota, nikatandika blanketi moja chini na kujifunika jingine. Hadi saa nne usiku nilijiona mfalme. Saa tano nikaanza kuhisi kama mtu ameniwekea sinia la maji chini ya kiuno. Saa sita ikaja mvua, na kwa kuwa turubai lilikuwa juu na upepo unatoka kusini mashariki, matone yaliingia ubavuni bila ya kubisha hodi. Nililivumilia hilo. Nililoshindwa kulivumilia ni maji yaliyokuja kwa njia nisiyoiona, kwani hayakuwa yakidondoka kutoka juu, na bado kufika saa nane yalikuwa yamejaa kidimbwi pale ninapokalia. Saa tisa nilibisha mlango wa shemeji. Dada yangu alinipa kanga yake nijisitiri, nikaketi jikoni mbele ya mafiga, na watoto wakaamka kuja kunitazama.

Aliyenifundisha ni ami yangu, mvuvi wa Kojani, ambaye tangu ujana wake amekwenda dago, yaani kambi za uvuvi mbali na kwao, kwa miezi na kulala pwani za watu akiwa na tanga moja na mkeka. Nilipomsimulia hakucheka. Aliniambia niifunge bembea uani kwake, akachukua kata ya maji, akamimina taratibu kwenye kamba, karibu na mti. Maji yalitembea juu ya kamba kama sisimizi, yakapita chini ya ukingo wa turubai, yakapanda fundo na kuingia kwenye kitambaa. Akachana kipande cha kitambaa chakavu, akakifunga kwenye kamba shubiri moja kabla ya fundo, kikaning'inia kama ndevu za beberu. Akamimina tena. Maji yalifika pale kwenye ndevu, yakashuka, yakadondoka chini. Nilisimama nikiyatazama kwa muda mrefu, nikiukumbuka usiku mzima niliolala ndani ya kidimbwi kwa kukosa tambara la nusu shubiri.

Kisha nikamwambia habari ya blanketi. Akaniuliza, "Mwanangu, blanketi umelilalia, sasa linakufunika nini?" Hapo ndipo penye jibu la kijana wa Wete. Blanketi halina moto wake lenyewe. Linachokifanya ni kuituliza hewa iliyomo katikati ya nyuzi zake, na hewa hiyo iliyotulia ndiyo inayozuia joto la mwili lisitoke. Ukililalia, uzito wako unaibana hewa yote ikatoka, na kinachobaki ni kitambaa chembamba kati ya mgongo wako na upepo unaopita chini usiku kucha. Anayelala chini ana ardhi ya kumkinga na upepo, lakini wewe umening'inia, na upepo unakuzunguka pande zote. Mablanketi matano utayabana vilevile.

Kwa hiyo kinga ya mgongo inatakiwa ining'inie nje, chini ya bembea, ikiigusa bila ya kubanwa. Wageni huuza vitu vya namna hiyo kwa bei ambayo sitaitaja. Mimi nilishona mfarishi wangu mwenyewe. Nilinunua sufi, nayo ni sufi ya mti si ya kondoo, ileile ya mito na magodoro, nikaishonea ndani yake kwa mistari minene ili sufi isikimbilie upande mmoja. Upande wa nje nilitumia kitambaa cha miavuli miwili iliyovunjika, kwa kuwa hakipitishi upepo. Sufi ya msufi hairuhusu maji kuingia kwa urahisi, na ndiyo iliyokuwa ikijazwa katika maboya ya kujiokolea baharini. Ncha mbili za mfarishi nilizitia kamba ya kukazia, kwa sababu ukiacha upenyo wa vidole vinne tu kwenye mabega, upepo wa kusi utaingia hapo na kazi yako yote itakuwa bure. Nilishona kwa cherehani ya mama kwa siku nne, na sindano tatu zilivunjika. Nautazama hadi leo kama mtu anavyotazama mtumbwi aliouchonga mwenyewe.

Mengine ni mepesi. Funga turubai chini, upande wake mpana uelekee unakotoka upepo na ukingo wake ukaribie ardhi, na upande wa pili uache wazi kidogo, maana ukifunga kote pumzi zako zitageuka maji na kukudondokea. Kamba za bembea zishuke kwa pembe ya nyuzi kama 30, kitambaa kilegee, nawe ulale mshazari ili mgongo unyooke. Badala ya kamba nyembamba zungusha mkanda mpana kwenye mti, usije ukauchubua. Usijifunge kwenye mkarafuu, kwani matawi yake huvunjika bila ya kutoa ishara na tena ni riziki ya mtu. Wala usilale chini ya mnazi hata kama mwenye shamba amekuapia kwamba nazi zote zimekwisha kuanguliwa. Weka nguo za kulalia kando, ndani ya mfuko usiopitisha maji, na usizivae mpaka umemaliza shughuli zote, kwa kuwa maji huchukua joto la mwili kwa kasi ya karibu mara 25 kuliko hewa, na fulana ya pamba iliyolowa jasho haitofautiani sana na iliyolowa mvua. Kula kabla ya kulala. Jaza maji ya moto katika chupa yenye kizibo cha uhakika, uivike soksi, uiweke katikati ya mapaja.

Turubai langu la kwanza lilipasuka mishono yake kabla ya mwezi, na muuzaji aliniambia kwamba mimi ndiye nisiyejua kulifunga. Labda. La pili nililipaka nta ya mshumaa kwenye mishono yote kabla ya kulitumia, na hilo ndilo nililolala chini yake wiki iliyopita.

Nasema haya kwa sababu naona vijana wetu wengi wanaacha jambo kwa usiku mmoja mbaya. Analowa mara moja, anaiuza bembea, na akiulizwa anasema Pemba haifai kulala nje, mvua ni nyingi. Mvua ni nyingi kweli, tunaishinda Unguja kwa hilo, lakini ami yangu amelala nje ya nyumba katika mvua hizo miaka yote na hakuwa na turubai. Jaribu kwanza uani kwako, usiku wa upepo, mlango wa nyumba ukiwa hatua kumi. Mimi nilijaribu uani mara sita kabla ya kurudi Makangale, na jirani zangu walidhani nimefukuzwa na mke.

Asubuhi ile ya wiki iliyopita shemeji alikuja na birika la chai ya tangawizi, nadhani kwa matumaini ya kunikuta jikoni kwake. Alinikuta nimelala. Aliinama, akapitisha mkono chini ya mfarishi, akaugeuza akatazama mishono, akapapasa na ile ndevu ya kitambaa iliyokuwa bado inadondosha tone mojamoja. Akamimina chai. Tulipokaribia kumaliza ndipo aliponiuliza ni kilo ngapi za sufi zinazohitajika. Nimemwambia nitamjibu, na bado sijamjibu.