Kubadili mstari mmoja kwenye seva nyingi bila kujifungia nje

Wateja wangu wengi hapa Arusha ni kampuni za utalii na hoteli ndogo. Seva moja iko Njiro, nyingine Moshi, nyingine Karatu kwenye chumba cha nyuma ya mapokezi, juu yake pamewekwa katoni za maji. Kazi inayoombwa sana si kubwa: badilisha mstari mmoja kwenye faili la mipangilio, mashine zote. Mfano, mzuie root (mtumiaji mkuu mwenye ruhusa zote) asiingie moja kwa moja kwa SSH, njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali. Kwa kuwa ni mstari mmoja tu, watu huidharau.

Vijana wanaoanza kazi hii hukimbilia sed, amri ya kutafuta maneno kwenye faili na kuyabadilisha:

sed -i 's/PermitRootLogin yes/PermitRootLogin no/' /etc/ssh/sshd_config

Amri inapita kimya, na kwenye grupu la WhatsApp inaandikwa "tayari". Sasa fungua faili lenyewe. Kwenye Ubuntu (aina ya Linux) ambayo haijaguswa, mstari huo umeandikwa #PermitRootLogin prohibit-password: # inaufanya uwe maelezo tu, na hiyo ndiyo hali ya kawaida, root aingie kwa ufunguo, si kwa nenosiri. Hakuna yes ya kubadilishwa. sed imetafuta, imekosa, ikaacha faili kama lilivyokuwa, kisha ikarudisha 0, yaani mambo safi. Haina kawaida ya kulalamika kwamba haikukuta kitu. Root bado anaingia kwa ufunguo kama jana.

Wengine hubandika mstari mwishoni mwa faili kwa echo na >>. Hiyo ni mbaya zaidi. Kila skripti inaporudiwa mstari unaongezeka, na sshd (programu inayopokea miunganisho ya SSH) hufuata thamani ya kwanza inayoikuta, si ya mwisho. Kama juu kuna yes, no yako ya chini ni pambo. Na kama faili linaishia na sehemu ya Match, mstari wako umeingia humo ndani bila wewe kujua, unawahusu watumiaji wa sehemu hiyo peke yao.

Ushauri wangu: acha kuiambia mashine "badilisha hiki kiwe kile", iambie "mstari huu uwe hivi", hata ikiendeshwa mara kumi. Moduli ya lineinfile ya Ansible (programu ya kusimamia seva nyingi kwa pamoja) imetengenezwa kwa ajili hiyo. Unaipa mstari unaoutaka pamoja na kigezo cha kuutafutia, nayo ikikuta uko sawa haigusi kitu. Lakini kigezo hicho ndicho chenye kazi. Lazima kiutambue mstari kabla haujabadilishwa na baada ya kubadilishwa, wenye # na usio nayo.

Wengi huandika neno PermitRootLogin tupu wakidhani inatosha. Shuka chini kwenye faili lile lile la Ubuntu, kwenye maelezo ya PAM (mfumo wa Linux wa kuthibitisha watumiaji): jina hilo limetajwa tena katikati ya sentensi. lineinfile ikikuta mistari kadhaa inayofanana na kigezo, hubadilisha ya mwisho. Kwa hiyo inafuta kipande cha maelezo, inaweka no yako hapo, na mstari wa juu unabaki kama ulivyo. Weka ^ (mwanzo wa mstari) mbele, na #? (# iwepo au isiwepo): ^#?PermitRootLogin. Na usiwe mkarimu wa kuruhusu nafasi baada ya #, maana kuna mstari wa maelezo unaoanza "# PasswordAuthentication." na siku ya kuzima manenosiri utakunasa vilevile.

Siku hizi mimi faili kuu siligusi kabisa nikiweza. Tangu Ubuntu 20.04, sshd_config ina mstari wa Include karibu na juu unaosoma folda ya /etc/ssh/sshd_config.d. Unaweka humo kafaili kako ka mstari mmoja, basi. Angalia jina tu: ukizoea sysctl.d (folda ya mipangilio ya kernel), ambako la mwisho ndilo linashinda, utaliita 99-kitu. Huku linashinda la kwanza. Seva za kukodi mtandaoni mara nyingi huja na 50-cloud-init.conf yenye PasswordAuthentication yes, na 99 yako haitasikika. Liite 10-kitu.conf.

Usiamini faili kwa macho. Amri ya sudo sshd -T inakuonyesha mipangilio kama sshd itakavyoielewa baada ya kujumlisha mafaili yote; chuja kwa grep -i permitrootlogin. Kabla ya hapo pitisha sshd -t kukagua makosa ya uandishi. Kwenye lineinfile ukiweka validate, faili bovu halifiki mahali pake. Kwa mazingira yetu hili ni la lazima. Faili bovu ambalo halijapakiwa halionyeshi dalili yoyote, sshd inaendelea na mipangilio ya zamani iliyoko kwenye kumbukumbu. Umeme ukikatika Karatu usiku na UPS ikaisha chaji, seva inawaka asubuhi, sshd inakataa kuanza, na wewe uko Arusha umeshasahau ulichogusa.

Ukifika kwenye kupakia upya (huduma inaitwa ssh kwenye Ubuntu, sshd kwenye Rocky na AlmaLinux, aina nyingine za Linux), tumia reload, usifunge dirisha ulilomo. Muunganisho uliopo haukatiki. Fungua dirisha la pili, jaribu kuingia. Kwa seva ya mbali naongeza kinga: kabla ya reload napanga kazi kwa at, baada ya dakika 10 ifute kafaili kangu na kupakia upya. Nikiingia salama naifuta kazi hiyo kwa atrm. Nisipoingia, nasubiri. Moshi ni kama kilomita 80 kutoka hapa, na mteja wa kule hatakubali kulipia nauli yangu kwa sababu ya neno no.